Dada wa Mtopanga, hivyo vyerehani usiuze

Usiuze. Salamu nitakupa baadaye.

Kwa mlioingia sasa hivi: dada huyu ni mtu wa Tanga, fundi wa nguo, anaishi Mtopanga, mtaa wa huku Mombasa, mwaka wa sita. Ameuliza mambo matatu. La kwanza, kuna mzee amemwambia uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2027 utakuwa wa moto na wageni wataandamwa, na mzee huyohuyo yuko tayari kumwondolea vyerehani vinne na friji kwa shilingi elfu thelathini ili apate nauli ya kurudi kwao. Auze? La pili, akibaki, ahame Mtopanga aende Nyali? La tatu, watoto wake wawili awahamishie shule Tanga sasa hivi au asubiri? Nitajibu mawili ya kwanza, la shule tuliache siku nyingine. Ila hilo la kwanza limenikaba kooni, siwezi kulipita.

Elfu thelathini! Kimoja kati ya hivyo vinne ni ovaloki, cherehani cha kufunga kingo za nguo, umesema mwenyewe. Hiyo ni bei ya ovaloki peke yake, tena iliyochakaa. Vitatu vilivyobaki na friji unamtolea sadaka.

Na wewe uliyemjibu juu hapo "bora roho dada, mali hutafutwa", hebu nikuulize: hutafutwa na nani? Umewahi kuitafuta mara ya pili, una watoto wawili mgongoni, na wanaokudai wanakujua mpaka jina la babu yako? Mimi nimewahi. Kaeni niwasimulie, na atakayecheka acheke kwa adabu.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nimeingia Mombasa 2001. Kufikia 2007 nilikuwa na kibanda cha mitumba pale soko la Kongowea, na stoo ya mabati nyuma yake ambayo niliilipia kilemba, ile pesa ya kupishwa mahali, au gudwili kama wanavyoiita huku. Desemba ile nilikuwa nimejaza marobota 32, mengi ya nguo za watoto, kwa kuwa nilijua Januari wazazi hununua. Kila robota lilinisimamia kama shilingi 9,000. Zidisha mwenyewe; mimi hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko nilivyosoma Yasini. Ni 288,000, na zaidi ya nusu ilikuwa deni.

Kura ilipigwa Alhamisi, tarehe 27 Desemba. Siku yenyewe ilikuwa tulivu, watu foleni, sisi wageni tukiwauzia maji. Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi ndipo nyuso zilipoanza kukunjana, kila mtu redio sikioni, maana waliokuwa mbele usiku walikuwa nyuma asubuhi. Jumapili tarehe 30, jioni, marehemu Kivuitu wa tume ya uchaguzi akatangaza: Rais Kibaki 4,584,721, mpinzani wake Raila 4,352,993. Watu hawajamaliza kuziandika tarakimu hizo, Kibaki ameshaapishwa Ikulu, jioni ile ile. Kisha serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Hapo ndipo ujinga wangu ulipopata rutuba. Redio ikinyamazishwa, kila mwenye mdomo huwa redio.

Sitaki mtu aje kusema nachezea msiba. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100, na waliokimbia makwao walikuwa mamia ya maelfu. Siku ya mwaka mpya watu walichomwa ndani ya kanisa kule Kiambaa, karibu na Eldoret. Mombasa nayo haikusalimika: maduka yalivunjwa, mali ikabebwa, wengine wakapoteza maisha. Kwa hiyo hofu niliyokuwa nayo ilikuwa hofu ya haki. Ila kuogopa ni jambo moja, na kumpa mtu ufunguo wa stoo ni jambo jingine.

Palikuwa na mzee mmoja wa kwetu. Mwenyeji wa Mombasa tangu miaka ya themanini. Misiba yetu watu wa Tanga akiisimamia yeye. Harusi akikaa mkeka wa mbele. Ukitaka nyumba, akikutafutia. Jino moja la dhahabu, upande wa kushoto, ambalo likionekana akitabasamu na likionekana zaidi akihesabu pesa. Jina simtaji, ana wajukuu sasa na hawana kosa.

Jumapili ile, kama saa mbili usiku, akabisha hodi kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya kifo. Akaketi. Akakataa hata maji. "Nina mtu ndani," akasema. Ndani ya wapi, hakusema, na mimi sikuuliza. Ukiogopa huulizi. "Kesho Kongowea majivu. Wakishamaliza wabara, watawageukia nyinyi wa nje. Mna pasipoti, orodha wanayo."

Orodha! Mpaka leo naitafuta hiyo orodha. Mimi mtu wa kaptula za watoto na soksi zisizo na wenzake, nani angepoteza wino wake kuniandika?

Mke wangu ndiye aliyeuliza: "Sasa wewe mzee, mbona hukimbii?" Akajibu kwamba yeye ameshakuwa mtu mzima, roho yake ameiweka kwa Mungu. Nikamwona walii. Halafu akashusha pumzi, akasema ana mtoto wa dada yake mwenye lori dogo, kijana ana roho ya kujitoa, anaweza kuyabeba yale marobota usiku huohuo kabla hayajawa majivu. Shilingi 2,500 kila moja, pesa taslimu. "Bora nusu shari kuliko shari kamili," akaniambia. Dada, tangu siku hiyo methali hiyo nikiisikia hata kwenye mawaidha natoka nje kupunga upepo.

Niliuza. Yote 32. Elfu themanini, zimehesabiwa kwa mwanga wa tochi. Hasara ya 208,000 mtu ameniletea mlangoni nami nikamshika mkono kwa mikono miwili nikamwambia "Allah akujaze". Nikampa na feni ya mezani kama asante. Ufunguo wa stoo nikamwachia "aniangalizie". Kama mnadhani hapo ndipo mwisho wa upumbavu, ngojeni asubuhi.

Asubuhi ya tarehe 31 nikashika njia, siku ambayo mwenye akili hata kwenda dukani alikwenda kwa kuchungulia. Mwenye pikapu akataka 7,000 mpaka Lunga Lunga, mpakani na Tanzania. Nikalipa bila kubisha. Sasa, kwa wasioijua Mombasa: huu mji ni kisiwa, na kisiwa kina milango. Sisi tuko Kongowea, bara ya kaskazini. Tanga iko kusini. Uvuke daraja la Nyali uingie mjini, uupasue mji wote, kisha upange foleni ya feri ya Likoni uvuke tena. Barabara ya Dongo Kundu enzi hizo ilikuwa bado ahadi ya majukwaani. Yaani njia ni moja, maji mara mbili, na kila penye maji pamejaa watu waliotembelewa usiku na mzee wao wa jino la dhahabu.

Tulikaa kivukoni muda wa saa tano. Jua la Desemba mnalijua. Binti yangu wa miaka minne, amevaa gauni lake la sikukuu kwa sababu ndilo lililokuwa juu kwenye sanduku, akauliza kama tunakwenda Idi tena, maana Idi ilikuwa imepita kama siku kumi tu. Mama yake akamwambia ndiyo. Mdogo wake akatapika mara mbili. Moshi ulionekana upande tuliotoka na upande tunaokwenda pia, na mimi katikati nimekumbatia televisheni ya inchi 14.

Televisheni hiyo haikufika Tanga. Tulipovuka, mbele kidogo tukakuta gogo barabarani na vijana kama kumi. "Mwatoka wapi, mwenda wapi?" Nikafungua mdomo, lafudhi yangu ikanitoa. "Ah, ni wa Tanga hawa." Wakacheka. Hawakutugusa hata kidogo. Kijana mmoja akaichukua televisheni kutoka mapajani mwangu taratibu, akaniambia "pole baba", kama aliyenisaidia kuishusha. Nilichokiogopa nyumbani siku nne bila kukiona, nilikipelekea watoto wangu mwenyewe pale barabarani kwa nauli ya shilingi 7,000.

Lunga Lunga tulilala juu ya godoro, kwa sababu pasipoti ya mke wangu ilikuwa imebaki kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati Kongowea. Mwaka mpya ukatukuta hapo. Kutoka Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka, mpaka Tanga mjini ilikuwa njia ya vumbi siku hizo, nikala vumbi nikijiambia nimeokoa familia.

Nilikaa kwa mama mkwe miezi miwili. Wanaume mnajua hiyo ni adhabu ya namna gani. Tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Raila wakatia saini mkataba wa kugawana madaraka, msuluhishi Kofi Annan amesimama hapo, na wiki iliyofuata nikarudi Mombasa.

Kongowea imesimama. Safu yetu hata bati halikung'oka. Wenye vibanda walikuwa wamelinda kwa zamu, Mdigo na Mkamba na Mluo na Msomali, wanakunywa kahawa tungu usiku kucha na kugonga madebe kila wakisikia nyayo. Jirani yangu wa viatu, mama wa Kikikuyu, yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kweli ya kuogopa. Majirani walimficha siku kadhaa, mali yake wakailinda, akarudi akauza. Akaniona, akaniuliza jambo moja tu: "Baba, na wewe ulikuwa unakimbia nini?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Stoo yangu ilikuwa na kufuli mpya. Kijana wa lori ameshaingia, na mwenye mabati anasema alionyeshwa ufunguo akajua nimempisha. Kilemba changu kwaheri. Mizigo ilikuwa imekwama bandarini, makontena yamerundikana, malori hayapandi bara, kwa hiyo marobota mapya hakuna na bei imeruka. Mimi nikahitaji pa kuanzia. Nikanunua robota moja kwa 10,500. Nilipoligeuza nikakuta pembeni herufi T ya wino mwekundu. Ni mwandiko wangu. Nilikuwa nayaandika hivyo marobota yangu yote, T ya Tanga. Robota langu, nililoliuza 2,500, nimelinunua 10,500 kutoka kwa mpwa wake, ndani ya stoo yangu, chini ya feni yangu.

Nikamwendea mzee. Alikuwa barazani na kikombe chake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema: "Mshukuru Mungu uko hai." Dada, nilishukuru Mungu kwa kweli, kwa sababu nilikuwa na kiti cha chuma karibu na mkono nikakiacha. Deni lile nililimaliza 2011.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nimeilipia, wewe nakupa bure: ANAYEKULETEA HOFU ASIWE NDIYE ANAYEKULETEA BEI. Habari ya hatari na pesa ya kukununua zikitoka mfuko mmoja, funga mlango. Habari yenyewe inaweza kuwa kweli. Hata yule mzee robo ya maneno yake ilikuwa kweli, moshi niliuona kwa macho yangu. Lakini mtu anayekuonea huruma kweli atakwambia "kimbia" na ataishia hapo. Akiendelea na "na mimi nitakuchukulia friji", huyo si mwonyaji, ni mteja.

Ipime kila mahali uone inavyofanya kazi. Dereva anayekwambia leo ndiyo pikapu ya mwisho: nani anapata ukiamini? Mwenye nyumba anayekwambia mtaa utachafuka, ulipe miezi sita mbele akuwekee mlinzi: nani anapata? Wa kubadilisha pesa pale mpakani, anayekunong'oneza kwamba shilingi ya Kenya inaanguka kesho, halafu akakupa bei aliyoipanga yeye? Mwanasiasa anayewaambia watu jirani yao ni adui, halafu akaomba kura? Hao wote wanafanya biashara ya yule mzee, tofauti ni ukubwa wa lori. Siku hizi kuna na sauti za WhatsApp, dakika nne mtu anahema tu, "jamani mimi nimeambiwa na mtu wa ndani". Wa ndani tena! Hiyo ndani sijui ina ukubwa gani, kila mtu ana mtu wake humo.

Mtaniuliza: na balozi zinazotoa tahadhari je? Haya, ubalozi haununui friji, kwa hiyo mtihani wangu umeupita. Lakini tazama unaandikiwa nani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ile tahadhari ni ya mgeni wa siku mbili, mwenye sanduku la magurudumu na tiketi ya kurudi. Mei 2014 Uingereza ilitoa onyo kuhusu Mombasa kwa sababu ya mashambulizi ya kigaidi, na kampuni za utalii zikawapakia mamia ya watalii wao kwenye ndege ndani ya siku mbili tatu. Kwao ilikuwa hesabu nyepesi, wamepoteza ufuo. Waliobaki na hoteli tupu ni wenyeji. Januari 2008 ilikuwa vivyo hivyo, ndege za watalii zikakatika na wafanyakazi wa hoteli wakarudishwa makwao. Wewe dada si wa siku mbili. Jembe ulishapewa, na limeandikwa ovaloki.

Tena nikwambie, mtu niliyemwona ana akili zaidi 2007 alikuwa mzungu. Mjerumani mstaafu wa Shanzu, binamu yangu alikuwa akimwangalizia bustani. Mjerumani huyo tangu Oktoba alikuwa amekaa na karatasi akaandika: nitabaki, na nikiona jambo fulani na fulani karibu na nyumba yangu, nitakwenda kwa rafiki yangu Mtwapa, si mbali zaidi. Akaibandika jikoni. Akajaza gesi, mchele, maji ya madumu, dawa yake ya presha, kredo ya simu, na pesa taslimu, kwa sababu duka likifungwa hata M-Pesa inakuwa hadithi. Wenzake walimpigia simu kila saa. Yeye akiisoma karatasi, anarudi kumwagilia maua. Binamu yangu alimdhania ana wazimu. Hakupoteza hata kikombe.

Ukitaka kuondoka kwa mapumziko, ondoka. Sikukatazi kwenda kwa mama yako Agosti ukala samaki. Funga mlango, mwachie jirani ufunguo, jirani asiye na lori, nenda wiki mbili kabla njia ikiwa bado njia. Ila usidanganywe na anayesema "nenda wiki moja tu mambo yaishe". Huyo hajahesabu. Kwa katiba yao ya 2010 tume ina siku saba kutangaza rais, anayepinga ana siku saba kwenda Mahakama ya Juu, majaji wana siku kumi na nne kuamua, na kiapo baadaye. 2022 walipiga kura tarehe 9 Agosti, wakatangaziwa tarehe 15 huku makamishna wanne wamejitoa kuyakana matokeo, majaji wakaamua tarehe 5 Septemba, kiapo tarehe 13. Siku 35. Na hapa Mombasa kura ya gavana ilisogezwa mpaka tarehe 29 Agosti, kwa sababu karatasi zilikuja na picha zisizo zake! Mwenzangu mmoja alikuwa amekimbilia Tanga, amerudi ametua Likoni, anakuta watu bado foleni wanapiga kura. 2017 ndiyo usiseme: kura tarehe 8 Agosti, Jaji Mkuu Maraga na wenzake wakaifuta tarehe 1 Septemba, ikarudiwa tarehe 26 Oktoba, kiapo tarehe 28 Novemba. Siku 112. Ungekaa kwa mama mkwe siku 112?

Na kuna fujo zisizo na tarehe kabisa. Juni 2024 vijana walipotoka barabarani kwa ajili ya mswada wa fedha, hakuna aliyetutumia kalenda. Mombasa nako waliandamana. Nilifunga kibanda nikaenda nyumbani kula mahamri, kesho yake mswada ukaondolewa, nikafungua. Hakuna mzee aliyebisha hodi, labda kwa kuwa siku hizi sina marobota 32.

Hili la Nyali sasa. Dada, jina la mtaa halilindi mtu. Ninaowajua mimi Nyali wana ukuta, walinzi, na hawajui jirani anaitwa nani. Mtopanga umekaa miaka sita, umewashonea watu sare za watoto na magauni ya harusi. Mwenye gauni lake kwako hatataka uchomewe. Jiulize mambo mawili tu: majirani zangu watanigongea debe? Na nikitaka kutoka, kuna maji mangapi mbele yangu? Kwako jibu la pili ni baya, kama lilivyokuwa kwangu. Dongo Kundu imesaidia, lakini kwanza ufike huko.

Na mjue neno mgeni hapa Mombasa halisomwi kwenye pasipoti. Agosti 1997, kabla sijaja, washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni usiku wa tarehe 13, na kwa wiki kadhaa baada ya hapo waliouawa ni zaidi ya mia moja, na maelfu kwa maelfu wakahama. Walioandamwa walikuwa watu wa bara, Wakenya wenye vitambulisho vya Kenya. Vikaratasi vilikuwa vimesambazwa vya kuwaambia waondoke. Wao ndio waliitwa wageni. Mtu wa Tanga mwenye lafudhi yake hakuwa kwenye hesabu hiyo. Sisemi hili kwa kujivuna, ni aibu tupu. Nasema ujue hatari inamtafuta nani mwaka huo, halafu umtazame jirani yako aliye kwenye hesabu, kwa sababu yeye ndiye atakayehitaji chumba chako. Usivae rangi ya chama chochote, hata kanga ya bure usiifunge kiunoni. Kijiweni wakibishana, wewe shona. Huna kura, huna maoni, una pindo la kumalizia.

Bima nayo, kabla sijasahau: ya duka ya kawaida hailipi ghasia za kisiasa mpaka uiongezee kifungu chake na ulipie. Watu wengi 2008 walikwenda na karatasi zao wakarudi nazo. Kiulize hicho kifungu sasa, kabla ya kampeni. Na pasipoti zote ziweke pamoja. Si kwenye mkebe wa biskuti.

Mke wangu anapita hapa nyuma anasema nimeandika kirefu mno na nimesahau kusema kwamba yeye alinikataza. Kweli. Alinikataza. Niliambiwa na mke wangu usiku ule "huyu mzee ana haraka gani?", nikamjibu "wewe hujui siasa". Miaka yote hii, nikikosea hata chumvi, jibu linarudi.

Haya, waalaikum, shikamoo kwa wakubwa. Dada, kabla hujampigia mtu yeyote simu, rudisha hilo friji ndani, usiliache barazani. Kisha nijibu hapahapa. Umesema huyo mnunuzi wako ni mzee wa makamo ya babu, mtu wa kwetu, mwenye gari la Probox nyeupe, na akaja na habari hizo usiku. Akicheka, upande wa kushoto, kuna nini?